Nilikula Pesa ya Timu. Sasa Wacha Tuongee Kuhusu Mashirikisho

Wacha nianze na aibu yangu kabla nitaje ya watu wengine.

Nikiwa na miaka 19 nilikuwa mwekahazina wa timu yetu ya mtaa. Usicheke, ilikuwa kazi kubwa. Kila mchezaji alikuwa anatuma shilingi 50 kila Jumapili kwa namba yangu ya M-Pesa. Hiyo ndiyo pesa ya refa, ya maji, na ya kukodi matatu tukienda kucheza mbali. Hatukuwa na ofisi wala katiba. Uwanja wenyewe ni ile aina ambayo mpira ukitoka nje unaishia kwa mtaro, na mtu lazima aingie kuutoa. Maboyi walikuwa wananiita Waziri, kifupi cha Waziri wa Fedha, na mimi nilikuwa nafurahia hilo jina kupita kiasi.

Siku moja kioo cha simu yangu kikapasuka. Fundi akasema elfu tatu mia mbili. Mimi sikuwa nazo. Timu ilikuwa nazo.

Unajua vile akili inafanya kazi ikitaka kukudanganya. Nikajiambia nakopa tu. Nikajiambia hata hii simu ndiyo inapokea pesa za timu, kwa hivyo kioo ni gharama ya timu. Nikajiambia nitarudisha kabla mtu ajue. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita.

Wiki ya tatu tulikuwa tumemaliza mazoezi, tumekaa kwa nyasi, na golikipa wetu akauliza, bila hata hasira, "Waziri, kwani tuko na ngapi?"

"Ziko tu."

"Ziko tu ni ngapi?"

"Netiweki inasumbua, nitawaambia jioni."

"Lakini si umetoka kuongea na simu saa hii?"

Wasee wote wakanyamaza. Kama hujawahi kuangaliwa na watu 20 waliokaa kimya, wenye jasho, na ambao kila mmoja amekutumia shilingi 50 zake, omba Mungu usiwahi. Nikampa simu. Salio lilikuwa shilingi 140.

Hakuna mtu alinipiga. Kapteni aliuliza tu nitarudisha lini, nikasema mwisho wa mwezi. Akasema sawa, na kutoka siku hiyo namba ya kutuma pesa ni ya golikipa. Nilienda mjengo siku saba kubeba mawe ndio nilipe. Jezi nazo nikaambiwa nizifue peke yangu mpaka msimu uishe. Nilizifua.

Nimekuwa nikifikiria hiyo Jumapili sana, kwa sababu wiki iliyopita nilikuwa kwa kinyozi na mjadala ukaanza wa michezo ya Kenya. Unajua vile huwa inaenda. Mmoja akasema shida ni serikali, chochote serikali ikigusa kinaoza, michezo iachiwe kampuni na watu binafsi. Mwingine akasema hapana, hao watu binafsi ndio wezi, serikali ichukue hayo mashirikisho yote ikimbize hao wazee. Wakabishana mpaka mimi nikanyolewa vibaya upande mmoja.

Nilitaka kuwaambia kitu lakini kinyozi alikuwa ameshika wembe. Kwa hivyo nasema hapa.

Shirikisho la michezo ni kama popo. Unaijua ile hadithi ya popo: ndege wakija kuitisha mchango anasema yeye ni mnyama, ona meno. Wanyama wakija, anasema yeye ni ndege, ona mabawa. Chukua FKF, shirikisho letu la soka. Kisheria si idara ya serikali. Ni chama, kina wanachama wake, uchaguzi wake, na kimejiunga na FIFA. Lakini timu ya taifa inavaa bendera yetu, inacheza kwa viwanja vilivyojengwa na kodi zetu, na inasafiri kwa pesa za umma. Pesa zikihitajika, hii ni timu ya Wakenya wote. Maswali yakija, hili ni shirika huru na serikali isiingilie.

Kwa hivyo ukiuliza kama michezo iwe ya umma au ya watu binafsi, popo anacheka. Yeye tayari ni vyote viwili, na amechagua upande mtamu wa kila kimoja.

Sasa twende polepole, kwa sababu pande zote mbili tumeshazijaribu Kenya.

Tuanze na ile ya serikali ichukue. Tarehe 11 Novemba 2021, Waziri wa Michezo wakati huo, Amina Mohamed, alivunja uongozi wa FKF baada ya kamati ya ukaguzi kuleta ripoti kuhusu matumizi ya pesa. Alitumia Sheria ya Michezo ya 2013. Akaweka kamati ya muda chini ya jaji mstaafu Aaron Ringera. Mtaani tulishangilia. Mimi mwenyewe niliposti. Nilisema hatimaye.

Februari 2022, FIFA ikatufungia. Kwa FIFA, serikali kuingia ndani ya shirikisho ni kosa, haijalishi imeingia kwa sababu gani. Nchi nzima ikawekwa nje.

Nataka uelewe nani alilipa hiyo bili. Tusker walimaliza kileleni mwa ligi msimu huo na hawakwenda Ligi ya Mabingwa Afrika. Harambee Stars walitolewa kwa mechi za kufuzu AFCON ya 2023 kabla hawajapiga hata pasi moja. Na Harambee Starlets, madem wetu, walikuwa wamebakisha raundi moja tu, dhidi ya Uganda, kufika Kombe la Afrika la wanawake la 2022 kule Morocco, lile ambalo pia lilikuwa njia ya kwenda Kombe la Dunia. Katikati ya ile vurugu ya nani anaongoza nini, Kenya ikajiondoa. Uganda wakapita bila kucheza.

Binamu yangu alikuwa anacheza ligi ya wanawake wakati huo. Sisemi angeitwa Starlets, hata yeye hasemi. Lakini alikuwa na miaka 20, alikuwa winga mwenye mbio za ajabu, na mpango wake ulikuwa mmoja: aonekane, apate timu nje, asaidie nyumbani. Mawakala huja pale timu zinapocheza na nchi zingine. Mwaka huo hakuna aliyekuja. Klabu yake ilikuwa na deni lake la miezi kadhaa, na hakukuwa na mtu wa kuuliza kwa sababu kila ofisi ilikuwa inasema mwenye ofisi ni mwingine. Siku moja akaniambia, "Wao wanapigania kiti. Sisi hata benchi hatuna." Sasa hivi anauza nguo za mtumba Gikomba. Anafanya vizuri, usimhurumie. Lakini njumu zake bado ziko chini ya kitanda kwa shangazi, na hakuna mtu kwa ile nyumba anathubutu kuziuza.

Marufuku yaliondolewa Novemba 2022, baada ya waziri mpya kurudisha uongozi ule ule uliovunjwa. Miezi tisa nje, alafu tukarudi pale pale. Mwenye kosa hata hakukaa benchi. Wachezaji ndio walikaa.

Na usidhani serikali ni malaika kwa hii hadithi. Kumbuka Rio 2016. Wanariadha wetu walileta medali 13, sita za dhahabu. Huku nyuma, sare zilizotolewa kwa ajili yao hazikuwafikia wengine, na Julius Yego, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mkuki, alifika uwanja wa ndege akapata hana tiketi. Jamaa akaenda hivyo hivyo akarudi na fedha. Tuliporudi, waziri akavunja kamati ya Olimpiki. Miaka miwili baadaye, waziri huyo huyo alikuwa kizimbani pamoja na maafisa wengine, kuhusu pesa za hiyo hiyo Rio. Umeona? Kamati ni ya binafsi, wizara ni ya umma, na wote wakajipata kwa kesi moja.

Sawa, sasa twende kwa ile nyingine. Tuachie kampuni.

Hii najua wengi mnaipenda, na kusema ukweli naielewa. Mwaka wa 2019 nilisimama kwa bibi mmoja wa chakula, kwa runinga ndogo imefungwa na waya, nikaona Eliud Kipchoge akikimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna. Hiyo ilikuwa pesa ya kampuni kutoka mwanzo mpaka mwisho. Magari, mstari wa taa barabarani, vikosi vya kumkinga upepo, kila kitu kwa wakati. Hakuna mtu alipoteza sare. Ukitoka kwa kitu kama hicho ukaangalia shirikisho linaloshindwa kulipa refa, lazima useme wapeane kwa watu binafsi.

Lakini angalia vizuri. Ile ilikuwa siku moja, mtu mmoja, na mwenye pesa alikuwa anajua anataka nini. Ligi ni kitu kingine. Ligi ni timu 18, miezi tisa, mvua, viwanja vibovu, watoto wa miaka 17 ambao hawajaonekana. Nani binafsi atakaa hapo wakati hakuna faida?

Historia yetu iko wazi. SuperSport waliondoka 2017 kwa mzozo wa kupanua ligi kutoka timu 16 hadi 18. SportPesa wakaondoa udhamini 2019 wakigombana na serikali kuhusu leseni na kodi, na Gor Mahia na AFC Leopards wakabaki wakitafuta nauli. BetKing wakaja 2020 na mkataba wa miaka mitano wa shilingi bilioni 1.2. Haukumaliza hata miaka miwili. Kila mara ni wimbo ule ule: suti, kamera, hundi kubwa ya karatasi, alafu kimya, alafu wachezaji wanagoma.

Siwalaumu sana hizo kampuni. Kampuni inawajibika kwa mwenye kampuni. Mambo yakiwa moto inatoka, na iko na haki ya kutoka. Winga wa miaka 20 ndiye hana mlango wa kutokea.

Kwa hivyo kwa kinyozi wote wawili walikuwa na ushahidi mzuri dhidi ya mwenzake. Serikali ilishindwa. Kampuni zikashindwa. Lakini mimi pia nilishindwa, na mimi sikuwa serikali wala kampuni. Nilikuwa kijana na simu iliyopasuka. Na bado zile pesa zilirudi. Kwa nini?

Ningependa kusema ni kwa sababu nililelewa vizuri. Hapana. Mama yangu alinilea vizuri na bado nilizikula. Zilirudi kwa sababu waliotoa pesa ndio walikuwa wamekaa pale kwa nyasi. Walikuwa na haki ya kuona salio, saa hiyo hiyo, bila barua. Na walikuwa na uwezo wa kunitoa jioni hiyo, wakanitoa. Ondoa moja tu kati ya hizo na mimi bado ni Waziri mpaka leo.

Hata chama cha mama yangu kinaendeshwa hivyo. Wamama 14, kitabu kimoja, kinasomwa kwa sauti kila wakikutana. Ukichelewa unatozwa faini. Hakuna anayeuliza kama chama ni cha umma au binafsi. Wanauliza kitabu kiko wapi.

Sasa chukua hayo maswali uyapeleke kwa mashirikisho yetu.

Nani anatoa pesa? Wewe. Kuna mfuko wa serikali unaitwa Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Sehemu kubwa ya pesa zake inatoka kwa kodi za kamari. Yule rafiki yako anayeweka beti ya mbao kila Jumamosi akilia kwamba Arsenal wamemchoma, huyo ni mdhamini wa timu ya taifa. Hakuna mtu amewahi kumwambia asante, na hakuna mtu amewahi kumwonyesha risiti. Juu ya hiyo kuna pesa za FIFA, ambazo kwa mzunguko wa 2023 hadi 2026 zinaweza kufika dola milioni 8 kwa kila shirikisho mwanachama.

Nani anaona hesabu? Jaribu. Chukua simu yako sasa hivi utafute matumizi ya msimu uliopita ya shirikisho la mchezo wowote unaoupenda, sio soka peke yake. Tafuta mstari kwa mstari, refa alilipwa ngapi, tiketi za ndege ngapi, na nani walipanda hizo ndege. Nitakungoja.

Nani anaweza kuwatoa? Hapa ndipo inauma. Rais wa FKF anachaguliwa na wajumbe ambao hawafiki 100. Desemba 2024 walichagua sura mpya, Hussein Mohammed na naibu wake McDonald Mariga, na mimi nilifurahi, nawatakia heri. Lakini binamu yangu hakuwa na kura. Yule wa beti ya mbao hakuwa na kura. Kiongozi akitaka kukaa, hahitaji kupendwa na milioni. Anahitaji ukumbi mmoja wa hoteli.

Na ukipanda juu ni hivyo hivyo. FIFA ina wanachama 211, kila mmoja kura moja. Mei 2015 polisi wa Uswisi waliingia hoteli ya Zurich alfajiri wakabeba maafisa wa soka, na kesi yenyewe ilitoka Marekani. Yaani waliojipa kazi ya kutuambia serikali isiingilie soka, wao wenyewe waliguswa tu siku serikali ya nchi nyingine ilipogonga mlango.

Kuna mtu atasema, mbona CHAN ya 2025 ilifana? Kweli, ilifana, na mimi nilikuwa Kasarani nikapoteza sauti. Tulikuwa tumewahi kunyang'anywa AFCON ya 1996, na tena CHAN ya 2018 ikapelekwa Morocco kwa sababu hatukuwa tayari. Safari hii, tukiwa na Tanzania na Uganda, tulikuwa tayari. Vijana wakaongoza kundi lenye Morocco na DR Congo, wakatolewa robo fainali kwa penalti na Madagascar. Rais aliahidi kila mchezaji milioni moja kwa kila ushindi.

Angalia ni nini kilibadilika. Kilichobadilika ni kwamba CAF walikuwa wanakuja kukagua, kulikuwa na tarehe ambayo haisongi, na ukikosa unapigwa faini. Tulipigwa kweli, mashabiki walipovunja taratibu, na viti vikapunguzwa Kasarani. Mtu alikuwa anaangalia, basi. Lakini mwenye kuangalia alikuwa CAF, na CAF walirudi kwao mashindano yalipoisha. Sasa AFCON ya 2027 inakuja, na uwanja wa Talanta wa watu 60,000 umepata pesa zake kwa hati za dhamana za takriban bilioni 45 zilizouzwa kwa wawekezaji. Pesa za watu binafsi kwa kiwanja cha umma. Popo mwingine huyo, mkubwa kuliko wote. Nani anasoma kitabu chake kwa sauti?

Sina digrii ya hizi vitu. Lakini nimewahi kuwa mwizi mdogo, kwa hivyo najua mwizi anaogopa nini. Haogopi waziri. Waziri anaweza kuongeleshwa. Haogopi mdhamini, mdhamini anataka picha tu. Anaogopa golikipa aliyekaa kwa nyasi akiuliza, bila hasira, tuko na ngapi.

Kwa hivyo nataka vitu vidogo. Shirikisho lolote likichukua hata shilingi moja ya umma, liweke matumizi yake wazi kila robo ya mwaka, mahali ambapo mtu mwenye bando ya shilingi 20 anaweza kusoma. Wachezaji, wanaume kwa wanawake, wawe na kura zao wenyewe, sio kupigiwa na mwenyekiti wa klabu inayowadai njaa. Na kosa likipatikana, adhabu imwangukie aliyeshika pesa, isiwe ni ligi nzima inafungwa na mtoto wa mtu anaenda kuuza mtumba.

Timu yetu ya mtaa bado ipo. Golikipa alishikilia pesa miaka miwili, akapewa mwingine. Siku hizi kila Jumapili mwekahazina anatuma picha ya salio kwa grupu kabla ya mtu yeyote kuitisha. Mimi bado nacheza namba sita, japo mapafu yanakataa.

Mwezi uliopita kapteni aliniuliza kama ningependa kurudi kwa kile kiti. Nikamwambia nitakubali. Alafu golikipa, kutoka kule nyuma akifunga kamba za viatu, bila hata kuinua kichwa, akasema, "Sawa tu Waziri. Lakini tutakuwa tunauliza."

Hiyo ndiyo katiba yote tuliyo nayo. Inatosha.